Gunia la Mbwa Linakula Pesa Ngapi kwa Siku? Somo Kutoka kwa Wateja Wetu wa Kakamega

Mwezi wa tatu tulikaa Kakamega mjini siku tatu. Tuliweka meza na mwavuli karibu na soko, tukajibu maswali ya wateja: PIN imefungwa, pesa imeenda kwa nambari nisiyoijua, mbona nimekatwa ada. Hayo tuliyatarajia. Hatukutarajia kwamba nusu ya siku ya pili ingeisha tukizungumza juu ya mbwa.

Ilianza na mama mmoja wa Amalemba. Alitupa simu yake akasema, "Nisaidieni kujua pesa yangu inaenda wapi. Kila nikigeuka nimelipa agroveti." Tukapitia meseji zake za malipo pamoja naye. Kweli, jina la duka lile lile lilikuwa limejirudia mara tano ndani ya miezi miwili, kila mara Sh1,500. Ni chakula cha mbwa. Ana mbwa wawili wa kulinda boma, wale wetu wa kienyeji, kila mmoja kama kilo 20. Zamani walikuwa wakila ugali na omena. Mwezi wa kwanza akabadilisha, akaanza kununua chakula kikavu cha gunia, kile cha bei ya chini kabisa dukani, kwa sababu jirani alimwambia kitampunguzia gharama.

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaingilia. Kumbe kila mtu ana mbwa na kila mtu ana maoni. Mmoja akasema hicho chakula ni pumba tupu. Mwingine akasema mbwa wake wamenona tangu waanze kukila. Wa tatu akasema alitapeliwa gunia zima na hajawahi kuliona. Sisi si madaktari wa mifugo, na hatuuzi chakula cha mbwa. Lakini hesabu ya pesa ya nyumbani ni kazi yetu, na simu ya yule mama tayari ilikuwa na majibu aliyokuwa akiyatafuta. Kwa hivyo tukaomba ruhusa ya kufuatilia, tukawa tunawasiliana naye na wenzake wachache mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Majina yao tumeyaacha. Bei tunazotaja ni zile walizolipa wao. Kwako zinaweza kuwa tofauti.

Kutoka meseji hadi meseji

Watu wengi hulinganisha chakula cha mbwa kwa kuangalia bei iliyoandikwa kwenye gunia. Walio makini zaidi hugawanya kwa kilo. Hizo njia zote mbili zinaacha kitu muhimu nje: mbwa wako anamaliza gunia kwa siku ngapi.

Hapo ndipo meseji zako zinafaa. Ukilipa kwa Till, unapata meseji yenye tarehe, kiasi na jina la duka. Gunia likiisha ukaenda kununua lingine, unapata meseji nyingine. Hesabu siku kati ya meseji ya kwanza na ya pili, kisha ugawanye bei kwa siku hizo. Basi. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya kulisha mbwa wako, na hukuhitaji kuandika chochote mahali popote. Kama umefuta meseji, omba taarifa ya akaunti kwenye programu yetu, chagua miezi mitatu, halafu utafute jina la duka.

Mama wa Amalemba alikuwa akinunua mfuko wa kilo 10 kwa Sh1,500. Kati ya meseji na meseji, siku 12. Kwa hivyo mbwa wawili wanakula Sh125 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni Sh3,750. Alipoona hiyo namba alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hiyo ni karibu fee ya mtoto wa nursery."

Sasa kwa nini kilo 10 ziishe siku 12? Mbwa mzima wa kilo 20 hivi anahitaji takriban kalori 1,000 kwa siku, akiwa hana kazi nzito. Vyakula vingi vikavu huwa na kalori kati ya 3,000 na 4,000 kwa kilo. Ukipiga hesabu, mbwa wa aina hiyo anatosheka na gramu 250 hadi 330 kwa siku. Wake walikuwa wanakula zaidi ya gramu 400 kila mmoja. Tulimuuliza anapimaje. "Na mkebe wa kasuku. Najaza, namwaga." Sasa mkebe hauna gramu. Mkono ukiwa mkarimu jioni, gunia linalia.

Akaazima mizani ya jirani anayeuza sukari, akapima gramu 350 kwa kila mbwa, akaweka alama kwa kalamu ndani ya mkebe ule ule. Mfuko uliofuata ulidumu siku 14. Chakula kile kile, bei ile ile, lakini sasa ni Sh107 kwa siku. Kwa mwezi ameokoa zaidi ya Sh500 kwa mstari wa kalamu.

Baada ya hapo tukamshawishi ajaribu mfuko wa bei ya juu kidogo, kilo 10 kwa Sh2,400. Tunakiri kwamba sisi tulioketi mezani tulidhani huo ndio ungeshinda. Tulikuwa na maneno yetu tayari, ya kwamba rahisi ni ghali. Chakula hicho kina nguvu zaidi, kwa hivyo alipima gramu 280 kwa kila mbwa, na mfuko ukafika siku 18. Hiyo ni Sh133 kwa siku. Kwa kilo, mfuko wa pili ulikuwa ghali kwa asilimia 60. Kwa siku, tofauti ikashuka hadi kama robo tu. Lakini ghali ulibaki kuwa ghali. Yule wa bei nafuu, ukipimwa vizuri, alishinda kwa Sh26 kila siku, na mbwa hawakukonda.

Na ugali je? Tulihesabu naye pia. Unga wa posho mill gramu 400, Sh24. Omena ya kuku gramu 150, ile yenye mchanga ambayo lazima uipepete na kuiosha, Sh30. Makaa Sh20. Jumla Sh74. Ndiyo, chakula cha zamani ndicho kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote. Jirani alimdanganya, ingawa si kwa nia mbaya: yeye ana mbwa mdogo mmoja na hupika kwa gesi, kwa hivyo hesabu yake ni nyingine.

Lakini kuna kitu Sh74 haikihesabu, nacho ni saa nzima ya mama huyu kila jioni baada ya kufunga kibanda. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Kwa hivyo uamuzi wake haukuwa wa kurudi nyuma wala kuendelea vile vile. Asubuhi anatoa chakula kikavu kilichopimwa, nusu ya kile cha zamani. Jioni mbwa wanakula ugali uliobaki wa nyumbani pamoja na omena kidogo. Mara ya mwisho tulipoongea, meseji zake mbili zilikuwa zimepishana siku 27.

Yaliyoandikwa kwenye mfuko

Usinunue kwa picha ya mbwa anayetabasamu. Geuza mfuko usome. Viungo huorodheshwa kwa uzito, cha kwanza ndicho kingi. Ukiona mahindi, pumba za ngano, wishwa, halafu nyama au samaki anatokea mwishoni kabisa, jua unachonunua. Si sumu, ila mbwa atahitaji kula zaidi ili ashibe, na atakunya zaidi pia. (Mteja mmoja wa Lurambi alisema alijua chakula ni dhaifu kwa kuhesabu koleo. Tulicheka, lakini ni kipimo halali.)

Tafuta pia mstari wa protini ghafi. Kiwango kinachotumiwa Marekani, cha shirika linaloitwa AAFCO, ni angalau asilimia 18 ya protini kwa mbwa mzima na asilimia 22.5 kwa mtoto wa mbwa au mama mwenye mimba au anayenyonyesha, ikihesabiwa baada ya kuondoa maji. Chakula cha bei nafuu kinaweza kumtosha mbwa mzima na kisimtoshe mtoto hata kidogo. Hapo usibane pesa.

Kama mfuko una alama ya ubora ya KEBS, chini ya alama huwa kuna namba ya kibali. Tuma SM#, ukifuatisha namba hiyo, kwenda 20023, na utajibiwa ni kampuni gani iliyopewa kibali hicho na kwa bidhaa gani. Jibu likitaja bidhaa nyingine kabisa, rudisha mfuko kwenye rafu. Dakika moja tu, tena ukiwa bado dukani, kabla hujaingiza PIN.

Kupimiwa kwa kilo

Kijana mmoja wa boda boda kule Lurambi hanunui gunia. Ana mbwa wawili, mama na mtoto wake aliyekua, na kila siku akimaliza kazi anapita dukani, anapimiwa nusu kilo kwa Sh90, analipa kwa simu, anaenda nyumbani. Alituambia hiyo ndiyo njia yake ya kubana matumizi: "Sitoi pesa mingi mara moja."

Tulimfungulia taarifa yake ya mwezi. Malipo 30 ya Sh90 ni Sh2,700, na alikuwa amepata kilo 15. Duka lilo hilo liliuza gunia la kilo 20 la chakula hicho hicho kwa Sh2,800, yaani Sh140 kwa kilo badala ya Sh180. Kilo zake 15 zingemgharimu Sh2,100. Anapoteza Sh600 kila mwezi kwa sababu hana Sh2,800 siku moja.

Si rahisi kumwambia mtu wa boda "weka akiba" halafu uondoke. Mbwa watakula nini wakati anaweka? Kilichomfaa ni kitu kidogo zaidi. Mwenzake wa stendi naye ana mbwa. Wakachanga Sh1,400 kila mmoja, mmoja akalipa kwa Till, wakagawana gunia kwa mizani pale pale dukani mbele ya mwenye duka. Mgawo wa kila mmoja, kilo 10, ulimtosha huyu siku 20, Sh70 kwa siku badala ya 90. Ili kupata Sh1,400 za mgawo unaofuata, anaweka Sh70 kila jioni kwenye akiba ya kufungwa ya simu, ile isiyotoka mpaka tarehe uliyochagua. Siku 20 mara Sh70 ni Sh1,400. Inatosha bila kubaki hata shilingi. Siku ya mvua isiyo na abiria inamvuruga, na ameshawahi kukosa mara moja, akarudi kupimiwa kwa siku tatu. Sawa tu.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda kupimiwa, na hii ni nzito kuliko Sh600. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, mama wa mbwa wake alianza kutapika, akakataa chakula, akaharisha. Gunia la dukani lilikuwa limefunguliwa siku nyingi, limewekwa chini kwenye sakafu, karibu na mlango. Chembe za chini zilikuwa zimeshikana na zilinuka uvundo. Daktari wa mifugo alimtibu akapona, na bili yake ilizidi pesa ya chakula ya mwezi mzima.

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni chakula kile. Lakini Kakamega ni mahali pa mvua nyingi na hewa yenye unyevu, na chakula cha mbwa cha bei nafuu hutengenezwa zaidi kwa mahindi. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana: mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa katika maeneo ya mashariki mwa nchi yetu kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa wana ini linaloshindwa nayo haraka pia. Huko Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, chakula kikavu cha mbwa kilirudishwa kutoka madukani baada ya kukutwa na aflatoksini, na zaidi ya mbwa 110 waliripotiwa kufa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, na kuanika juani hakuiondoi pia. Chakula kikinuka uvundo au kushikana, kitupe, hata kama umelipia. Usimpe kuku badala ya mbwa. Yai lake utakula wewe.

Ukinunua kwa kilo, omba uone gunia lenyewe. Angalia tarehe. Ingiza mkono chini, si juu. Mwenye duka akikasirika, nenda kwingine. Nyumbani, weka chakula kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta. Na usimimine mfuko mpya juu ya mabaki ya zamani.

Kujaribu bila kuharibu

Wale waliosema mbwa wao "walikataa" chakula kikavu walifanya kosa moja: walibadilisha siku moja. Tumbo la mbwa aliyezoea ugali na omena halipendi hivyo. Madaktari wa mifugo hushauri siku 7 hadi 10. Siku mbili tatu za kwanza robo iwe chakula kipya na robo tatu kile cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, halafu chote. Nunua mfuko mdogo wa kilo mbili kwanza, hata kama kwa kilo ni ghali. Hiyo ni bei ya kujaribu, na ni nafuu kuliko gunia la kilo 20 ambalo mbwa amelinusa akaliacha.

Chakula kikavu kina maji kidogo sana, kama asilimia 10 tu, wakati ugali una maji mengi. Kwa hivyo mbwa atakunywa zaidi. Bakuli la maji lisikauke, hasa kwa mbwa anayefungwa mchana kutwa. Mzee mmoja wa Malava alituambia mbwa wake alikuwa mkali tangu aanze chakula cha gunia, akadhani kuna dawa ndani. Tulipomuuliza kuhusu maji, alisema hupewa asubuhi tu. Alipoongeza bakuli la mchana, ukali uliisha.

Halafu angalia mbwa mwenyewe kwa wiki nne hivi. Mbavu uzihisi ukimpapasa lakini usizione kwa mbali. Manyoya yang'ae, kinyesi kiwe kigumu kiasi. Akikonda, akijikuna sana au akiharisha zaidi ya siku mbili, muone daktari wa mifugo kabla ya kubadilisha chakula tena. Na katika pesa uliyookoa, toa ya chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Hiyo haina mjadala.

Gunia lisilofika

Sasa tuje kwa yule wa tatu kwenye foleni, aliyesema alitapeliwa. Ni kijana anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amekuja nyumbani Shinyalu kumwona nyanya yake. Kukhu anaishi peke yake, na mbwa mmoja anayeitwa Simba ndiye askari wake. Wezi walikuwa wameshaingia boma la jirani mara mbili, kwa hivyo mjukuu hakutaka Simba akae njaa.

Akaona tangazo mtandaoni: gunia la kilo 15 kwa Sh1,450, linaletwa mpaka Kakamega. Bei nzuri mno. Akapiga simu, akajibiwa na sauti ya upole. Alitarajia kupewa nambari ya Till, akapewa nambari ya mtu. Alipoingiza kiasi, skrini ikamwonyesha jina la mtu binafsi. Akauliza. "Hiyo ni ya keshia wetu, bosi, Till iko na shida leo." Akaingiza PIN.

Baada ya saa moja akapigiwa tena: mzigo uko tayari kupakiwa kwenye matatu, ila kuna Sh350 ya usafiri. Akatuma. Alitueleza kwa nini, na tunadhani ndiyo sehemu ya kujifunza zaidi: kwa sababu alikuwa ameshatuma ya kwanza. Kukataa ya pili kungekuwa kukubali kwamba ya kwanza imepotea. Walipoomba ya tatu, eti bima ya mzigo, ndipo akashtuka.

Jioni ya siku iliyofuata akampigia nyanya yake.

"Kukhu, mzigo umefika?"

"Mzigo gani, mwanangu?"

Alitupigia sisi kesho yake mchana. Wakati huo Sh1,800 ilikuwa imeshatolewa kwa wakala, ndani ya dakika chache baada ya kuingia. Tulifunga akaunti ile na tukamwelekeza aandikishe ripoti polisi, lakini ndani ya akaunti mlikuwa na Sh12. Tunaweza kuzuia pesa iliyo bado ndani ya akaunti. Iliyokwisha kutoka hatuwezi kuirudisha, na ni heri tukuambie hivyo waziwazi kuliko kukupa matumaini.

Kwa hivyo saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Ukishuku tu, usimpigie tapeli kumsihi. Tupigie sisi kwanza ukiwa na namba ya muamala iliyo kwenye meseji. Aibu itakuja baadaye, ina nafasi yake.

Na kabla ya hapo, kuna ile skrini inayokuonyesha jina kabla ya PIN. Tunajua watu wengi huipita bila kuisoma, na tunajua kwa nini: uko dukani, foleni iko nyuma, mtoto analia. Ila skrini hiyo ndiyo mahali pekee ambapo wewe bado una nguvu zote. Till ya biashara huonyesha jina la biashara. Ukiambiwa unanunua kwa duka halafu ukaona jina la mtu, ghairi. Muuzaji wa kweli atakupa Till au atakubali umlipe mzigo ukifika. Yule wa uongo atakuharakisha. Wala hakuna "ada" ya pili ya mzigo ambao hukuambiwa mwanzoni.

Upande wa pili nao upo. Mwenye agroveti mmoja pale mjini alituambia ameshaachilia mifuko miwili kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Meseji ya mteja si malipo, kwa sababu inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe au meseji iliyoingia kwenye simu yako, kisha ndio utoe mfuko.

Neno dogo juu ya kukopa. Wawili kati ya wateja tulioongea nao walinunua gunia kwa mkopo wa haraka wa simu ili wasikose bei ya punguzo. Mmoja aliokoa Sh200 kwenye gunia na akalipa zaidi ya hiyo kwa ada za kuchelewa. Mkopo huo ni wetu, tunaufaidi, na bado tunasema: usikope ili ununue kinachopunguzwa bei. Kope ya dharura iache kwa dharura, kama mbwa kuugua usiku.

Kuhusu Simba. Mjukuu aliporudi Nairobi walikubaliana na agroveti moja ya Khayega, ambako Kukhu hupita siku za soko. Kila mwisho wa mwezi kijana anapiga simu dukani, anaulizia bei, analipa kwa Till akiwa bado kwenye laini, na mwenye duka anasoma kwa sauti jina na kiasi kilichoingia. Mfuko wa kilo 10 unafungwa, unawekwa pembeni. Boda ya jirani inaupeleka Shinyalu kwa Sh100, analipwa akifika, si kabla. Kukhu hupima chakula kwa kikombe cha chai ambacho mjukuu alikichora mstari, na jioni humwongezea Simba ugali, kwa sababu, alivyotuambia, mbwa asiyekula ugali atajuaje kwamba yuko nyumbani.

Mfuko wa mwisho ulilipiwa tarehe 28 mwezi wa tano. Kukhu alikwenda mwenyewe Khayega siku ile, akamkuta mwenye duka mlangoni.

"Kukhu, pesa imeingia. Nimeandika jina la Simba juu ya mfuko, usije ukachukuliwa na mwingine."